Shajara ya mradi: bendi za mashine ya kupasulia magogo inayohamishika

Mwanzo: mashine na lengo

Mashine yenyewe ni ya kulala. Gogo hufungwa juu ya kitanda, kichwa chenye injini husukumwa juu ya reli, na bendi, ule utepe wa chuma wenye meno, huzunguka kwenye magurudumu mawili. Kipenyo cha gurudumu ni inchi 19, sawa na milimita 483. Urefu wa bendi ni inchi 158, karibu mita 4.01, na kasi yake ni kama mita 25 kwa sekunde.

Tunachotafuta ni ubao wenye unene uleule tangu mwanzo wa gogo hadi mwisho, na bendi zinazostaafu kwa kuisha meno badala ya kukatika kazini. Hilo la pili ndilo linalobeba mradi mzima. Kwa kasi hiyo bendi huzunguka mara 6 na ushei kila sekunde, na kila mzunguko huipinda mara mbili, mara moja kwa kila gurudumu. Kwa saa moja ni kupinda karibu mara 45,000. Chuma kinachopindwa hivyo lazima kichoke. Kwa hiyo kila uamuzi ulioandikwa humu umepimwa kwa maswali mawili: unaongeza nguvu kiasi gani kwenye bonde lililo kati ya jino na jino, na unaiacha bendi butu ikae kazini kwa muda gani?

Kuchagua bendi: imeamuliwa

Upana milimita 32, unene 1.07, jino hadi jino milimita 22 (inchi 7/8), pembe ya mbele ya jino digrii 10. Bendi ya urefu huu ina meno karibu 180.

Uamuzi uliohitaji hesabu zaidi ni unene. Wapasuaji wengi wakiona bendi inayumba hukimbilia bendi nene, kwa kuwa kweli nene husimama imara zaidi ndani ya mbao. Lakini nguvu ya kupinda kwenye uso wa chuma hupanda sambamba na unene na hushuka gurudumu linapokuwa kubwa. Kwa gurudumu la milimita 483, bendi ya 0.9 hubeba takriban megapaskali 385 (kipimo cha nguvu kwa eneo la chuma) za kupinda tu, ya 1.07 takriban 460, na ya 1.4 hufika 600, kabla hujaikaza wala kuiingiza kwenye gogo. Bendi ya 1.4 inafaa mashine yenye magurudumu makubwa na injini yenye nguvu. Hapa ingepasuka mabonde mapema hata ikitunzwa vizuri. Ile ya 0.9 inabaki kwa injini ndogo na magogo membamba. Inavumilia kupinda lakini haivumilii kusukumwa kwa pupa.

Pembe ya mbele ndiyo inayoamua jino linajivuta vipi ndani ya mbao. Digrii 12 au 13 hukata haraka kwenye mbao laini na mbichi, ila kwenye fundo gumu jino hujidaka na bendi huruka. Digrii 7 au 4 huhitaji kusukumwa zaidi, na ndizo zinazopita sawa kwenye mbao kavu, ngumu, au zenye mafundo mengi. Kumi ni ya katikati na tumeifanya kuwa ya kawaida. Bendi chache za digrii 7 zimetengwa kwa magogo magumu. Hakuna sababu ya kubadilisha pembe kila gogo likibadilika. Badilisha pale tu bendi kali, iliyokazwa sawa, bado inapanda au kushuka kwenye mafundo.

Kuhusu chuma, bendi za kaboni zilizogumishwa ncha za meno zinatosha kwa kazi nyingi, na ukigonga msumari hasara ni ndogo. Bendi ya metali mbili, yenye ukingo wa chuma kigumu zaidi uliounganishwa na mgongo unaonyumbulika, hukaa kali muda mrefu zaidi. Meno yenye ncha za steliti, aloi ngumu ya kobalti na kromu, yanafaa mbao zenye silika (madini ya mchanga), mtiki ukiwa mfano unaojulikana, kwani silika hula ncha za kawaida upesi sana. Magogo yasiyojulikana yalikotoka, hasa ya kandokando ya ua na nyumba, yapasuliwe kwa bendi ya kaboni iliyokwisha kunolewa mara kadhaa.

Kuweka bendi kwenye magurudumu: imekamilika

Kwanza hakikisha meno yanaelekea upande ambao bendi inakimbilia. Bendi iliyofunguliwa kutoka kwenye mkunjo mara nyingi huwa imegeuka, na meno yanatazama nyuma. Ishike kwa mikono miwili, ipindue ndani iwe nje, na meno yatageuka.

Chini ya bonde, siyo ncha ya jino, ndipo pa kupimia inapokaa. Bonde litokeze milimita 3 mbele ya ukingo wa gurudumu. Likiingia ndani, meno yaliyopanuliwa, yaani yaliyoinamishwa kidogo ubavuni, hula mpira wa gurudumu; likitoka sana, bendi hukosa tegemeo na inaweza kuchomoka. Zungusha magurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na haiwezi kuwashwa na mtu mwingine, kisha pima tena kwenye magurudumu yote mawili.

Kagua mipira ya magurudumu wakati huohuo. Mpira uliolika huiacha bendi ikae juu ya chuma cha ukingo, na bendi huanza kutembea mbele na nyuma. Ibadilishwe miwili pamoja. Unga wa mbao ulioganda kwenye mpira pia huleta mtetemo, tena wa mpigo wa kawaida unaoendana na mzunguko wa gurudumu. Kwangua uishe kabla ya kulaumu beringi.

Mkazo: imekamilika, ila inahitaji macho kila siku

Hapa ndipo matatizo mengi ya ubao wenye mawimbi yanapoanzia, na chanzo chake hupatikana kwa hesabu fupi.

Chuma hurefuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bendi ya mita 4.01 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 1.4. Milimita hiyo moja na nusu kasoro, kama kikazio hakisogei kuifidia, inapunguza mkazo kwa karibu megapaskali 75. Bendi iliyokazwa kwa megapaskali 150 ikiwa baridi inabaki na nusu. Ndiyo maana gogo la kwanza hutoka safi na la pili huanza kupinda ingawa hakuna aliyegusa kitu. Kikazio cha springi au cha hewa hufidia sehemu kubwa ya badiliko hilo chenyewe. Kikazio cha skrubu tupu hakifidii chochote, na cha haidroliki hutegemea muundo wake. Utaratibu tulioupitisha ni kukaza, kuzungusha bendi bila kukata kwa dakika chache, kukagua geji ya mkazo, kukata ubao mmoja wa gome, kukagua tena. Baada ya hapo geji iangaliwe kila gogo jipya linapopandishwa.

Kinyume chake kina madhara yaleyale. Bendi iliyokazwa ikiwa ya moto kisha ikaachwa ipoe kwenye mashine hujinyonga kwa kusinyaa, mabonde yanavutwa, na mipira ya magurudumu inabaki na bonyeo. Kazi ikisimama kwa chakula au kwa usiku, legeza. Hii tumeiandika kwa rangi kwenye kifuniko cha kichwa, mbele ya macho ya anayezima injini.

Kiwango chenyewe cha mkazo kifuate kitabu cha mashine, kwa kuwa geji ya mashine moja haiwezi kulinganishwa na ya nyingine: shinikizo lilelile kwenye pistoni pana hutoa nguvu kubwa zaidi. Anayetaka kuhakiki azidishe shinikizo kwa eneo la pistoni, agawanye kwa eneo la chuma la pande mbili za bendi. Bendi yetu ukiondoa kina cha meno ina upana wa kama milimita 26, mara 1.07 ni milimita za mraba 28 kila upande, 56 kwa pande mbili. Mkazo wa megapaskali 150 unahitaji niutoni 8,400, uzito wa karibu kilo 850. Nguvu hiyo ikiachiliwa ghafla bendi inapokatika, hakuna anayepaswa kuwa amesimama kwenye mstari wa bendi. Vifuniko vifungwe kabla ya injini kuwaka, kila mara.

Roli za mwongozo: imekamilika

Roli mbili zinaishikilia bendi pande zote za gogo. Zinatakiwa kuisukuma chini milimita 6 kutoka mstari wake wa asili. Chini ya hapo bendi hutetemeka, zaidi ya hapo unaongeza mpindo mwingine kwenye hesabu ile ya 45,000. Ukingo wa nyuma wa roli uache nafasi ya milimita 1.5 hadi 3 kutoka mgongo wa bendi. Bendi ikisugua ukingo huo muda wote, mgongo hupata ugumu wa kuvunjika na nyufa zinaanzia nyuma kuelekea mbele. Ukiona ufa wa namna hiyo, tatizo lipo kwenye roli au kwenye kusukuma kwa nguvu bendi ikiwa butu, wala usihangaike na kunoa.

Ulalo wa bendi upimwe kwa meno yaliyonyooka, kutoka bendi hadi reli ya kitanda, karibu na kila roli. Tofauti isizidi milimita 0.8. Roli iliyolika ikawa kama koni huinamisha bendi hata kama umeipanga sawa, na mtu anaweza kunoa bendi kumi bila kuponya mbao zinazopanda. Roli inayosogea isogezwe karibu na gogo kadiri inavyowezekana, ndani ya milimita 25, kwa kila mpasuo.

Kupanua meno: inaendelea

Meno hufuata mpangilio wa kushoto, kulia, lililonyooka. Kwenye meno 180 hiyo ni 60 kwa kila aina. Mpanuo tuliouchagua ni milimita 0.53 kila upande. Njia inayokatwa inakuwa 1.07 jumlisha 0.53 mara mbili, yaani milimita 2.13. Kwa mbao laini zenye maji nyuzi zake hurudi nyuma baada ya jino kupita, hivyo unahitaji 0.60 hadi 0.65. Kwa mbao ngumu na kavu, 0.45 hadi 0.50 inatosha.

Tofauti kati ya pande mbili ni muhimu kuliko kipimo chenyewe. Tunakubali tofauti ya milimita 0.05, si zaidi. Upande uliopanuliwa zaidi ndiko bendi itakakoelekea: meno ya juu yakizidi, bendi inapanda, ya chini yakizidi, inazama. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo, kwa hiyo geji ya mshale ni ya lazima. Kabla ya kupima, futa ulimbo wote kwenye mwili wa bendi kwa brashi na kiyeyushi. Tabaka jembamba la ulimbo upande mmoja linatosha kudanganya geji kwa kiasi kilekile unachojaribu kusahihisha.

Panua kabla ya kunoa. Kifaa cha kupanulia hukandamiza ncha, na kunoa kunakofuata hurudisha makali na kusawazisha kimo cha meno. Ukifanya kinyume umeziharibu ncha ulizozinoa. Jino lipindwe kwenye sehemu yake ya juu. Ukilipinda kuanzia shina, mzigo wote unaingia kwenye bonde. Kila kunoa hula sehemu ya ncha iliyoinama, hivyo mpanuo hupungua kidogo kidogo, na bendi iliyonolewa bila kupimwa mpanuo itarudi ikisugua ingawa inakata karatasi.

Dalili zake zinasomeka kwenye ubao. Unga mwingi uliokandamizwa juu ya ubao, wa uvuguvugu ukiugusa baada ya mashine kusimama, maana yake mpanuo ni mdogo. Unga mchache na mikwaruzo ya meno iliyo wazi maana yake mpanuo ni mkubwa, na njia pana imejaa hewa badala ya unga. Mkwaruzo mmoja unaojirudia kwa umbali uleule ni jino moja lililotokeza. Litafute, lisahihishe, usiinoe bendi nzima kwa ajili yake.

Kunoa: inaendelea

Tunanoa umbo lote kwa mpigo mmoja: uso wa jino, bonde, na mgongo wa jino. Kunoa uso peke yake kwa jiwe dogo kunarudisha makali, lakini kunaacha ngozi ya chuma ndani ya bonde, na humo ndimo nyufa ndogo zisizoonekana zinamozaliwa. Kuondoa kama milimita 0.1 kote kunaondoa pia nyufa hizo changa. Bendi butu kidogo inahitaji mzunguko mmoja au miwili. Ikihitaji mingi, ilichelewa kuteremshwa kutoka kwenye mashine.

Joto ndilo adui hapa. Ncha ikigeuka bluu imefika karibu nyuzi 300, na ugumu wake umepungua. Jino hilo litakuwa butu baada ya mbao chache. Punguza kina, acha mafuta ya kupoozea yaanguke hasa pale gurudumu linapogusa, na safisha uso wa gurudumu la kunolea likijaa. Gurudumu la jiwe linahitaji kuchongwa umbo mara kwa mara. La boroni naitridi, chembe ngumu kuliko jiwe la kawaida, hulishika umbo lake, na kwa bendi nyingi za aina moja ndilo tunalolipendekeza. Kona ya bonde iwe mviringo, bila mfuo wala pembe kali, kwani ufa huanzia hapo hapo.

Baada ya kunoa, pitisha kidole kwa uangalifu ubavuni mwa meno kadhaa. Kijinywele cha chuma kilichojikunja kuelekea ndani ya bonde kinaonyesha uliondoa chuma kingi kwa pigo moja. Kisha pinda bendi nje kidogo chini ya taa kali na ukague kila bonde, kwa subira zaidi karibu na kiungo kilichochomelewa. Bonde lenye ufa unaoonekana linaiondoa bendi kazini.

Kazi ya kupasua: inafuatiliwa

Bendi huteremshwa baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kukata, hata kama inaonekana bado ina makali. Ikigusa mchanga, jiwe au chuma, iteremshwe papo hapo. Bendi butu hudai kusukumwa, kusukumwa huisugua kwenye roli na kuipasha joto, joto huilegeza, na kulegea huleta wimbi ambalo mpasuaji hulitibu kwa kukaza zaidi. Wakati ubao unaanza kuonyesha, mabonde yamekwisha kuumia.

Kwa siku ya saa nane hiyo ni bendi nne au tano. Tunaweka kumi na tano kwenye mzunguko: za leo, za kesho, zilizo kwenye meza ya kunolea, na akiba ya misumari.

Kasi ya kusukuma ina kikomo cha chini na cha juu. Kwa meno ya milimita 22 na mita 25 kwa sekunde, meno 1,136 hupita kila sekunde. Ukisukuma mita 15 kwa dakika, kila jino hung'oa karibu milimita 0.22. Kwenye gogo la upana wa milimita 300, hizo ni milimita za mraba 66 za mbao kwa kila bonde, na unga huhitaji nafasi zaidi ya mbao ulikotoka. Bonde la milimita za mraba 80 hapo limekwisha kujaa. Upana ukizidi, punguza mwendo. Lakini ukipunguza mno, jino linasugua badala ya kuuma, na unapata bendi butu bila kupata mbao.

Magogo yaliyoburutwa yana mchanga ndani ya gome. Osha, au chonga gome kwenye mstari wa mpasuo. Ikishindikana, geuza gogo ili upande mchafu uwe ule ambao meno yanatokea. Mchanga utarushwa nje badala ya kuburutwa kupitia upana wote. Mkaratusi hufunguka au kujibana kwa nguvu zilizomo ndani ya gogo. Geuza gogo mara kwa mara upunguze pande zote, na tia kabari nyuma ya bendi kwenye mipasuo mirefu.

Maji yenye sabuni kidogo yanadondoshewa bendi kwa tone la mfululizo, yaanze kabla ya meno kuingia. Msonobari wenye ulimbo mwingi unadai zaidi. Dizeli huondoa ulimbo vizuri sana, ila hula mipira ya magurudumu, kwa hiyo hatuitumii isipokuwa kufutia bendi ikiwa mezani.

Mlio wa tiki-tiki unaojirudia kila mzunguko ni ufa unaopita kwenye roli. Rudisha nyuma kichwa polepole ukiweza, zima, legeza, kagua.

Kumbukumbu na yaliyobaki

Kila bendi ina namba ya rangi karibu na kiungo. Usigonge namba kwa patasi wala chapa ya chuma, maana kila alama ni mwanzo wa ufa. Daftari linaandika namba, aina ya mbao, saa za kukata, mpanuo wa kila upande kabla na baada, idadi ya kunolewa, na sababu ya kustaafu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisoma kila tunapopanga upya: nyufa za bonde zikiongezeka, tunafupisha muda wa kuteremsha, nyufa za mgongo zikitokea, tunarudi kwenye roli, bendi zikikatika kwenye kiungo, tunarudi kwa aliyechomelea.

Bendi safi hupakwa mafuta mepesi, hukunjwa duara tatu na kutundikwa pakavu. Kukunja na kukunjua ni kazi ya glavu nene na miwani, mtu mwingine akiwa amesogea mbali. Bendi iliyostaafu ikatwe vipande siku hiyohiyo, isije ikarudishwa kundini kwa bahati mbaya.

Kilichobaki kwenye orodha ni kubadilisha roli ya upande wa injini, ambayo ukingo wake umeanza kulika, kisha kupima ulalo upya na kujaribu bendi za digrii 7 kwenye magogo makavu zikiwa na mpanuo wa 0.48.